Katalogi za Bunduki za Zamani: Utajuaje Iliyo Asili na Iliyochapwa Upya?

Wasomaji wangu, leo tuweke kando habari za seva na programu, tuzungumze juu ya karatasi. Karatasi kuukuu, za miaka mia moja na zaidi, zilizochapwa na kampuni za Marekani na Ulaya ili kuuza bunduki. Najua kuna watakaouliza: mtu wa kompyuta na katalogi za bunduki, wapi na wapi? Mimi sina bunduki na sina haja nayo. Lakini swali lililomo ni lile lile ninalokutana nalo kazini kila siku. Una nakala mbili zinazofanana. Ipi ilitangulia? Na utaamini lipi kati ya yale zinayoyasema?

Wanaokusanya katalogi hizi hulipa pesa nzuri kwa nakala asili. Nakala iliyochapwa upya ni ya bei nafuu. Tofauti hiyo ya bei ndiyo inayowapa watu wengine mawazo mabaya.

Biashara ya bunduki kwa posta

Kwa miongo mingi Mmarekani wa kawaida aliweza kuagiza bunduki kwa barua, kama tunavyoagiza chaja ya simu mtandaoni leo. Sears, Roebuck ya Chicago iliuza bunduki katika katalogi ile ile iliyouza cherehani, viatu na majembe. Winchester ya New Haven na Colt ya Hartford, zote za jimbo la Connecticut, zilichapa katalogi zao wenyewe. Francis Bannerman wa New York aliuza silaha zilizobaki baada ya vita, na mali yake ilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 1900 alinunua kisiwa katika mto Hudson ili apate ghala. Ng'ambo ya bahari, kampuni moja ya Hamburg ilitoa katalogi nene ya silaha mwaka 1911 kwa jina la ALFA. Kule London, Army & Navy Stores iliwauzia maafisa wa Kiingereza kila kitu, kuanzia chai hadi bunduki, popote walipotumwa.

Nasi huku hatuko mbali sana na karatasi hizi. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, mara tu baada ya kumaliza urais, miongoni mwa silaha zake kulikuwa na bunduki ya Winchester, modeli ya 1895, ya risasi za .405. Anayetafiti historia ya uwindaji wa Afrika Mashariki hatimaye hufika kwenye katalogi, ili ajue bunduki fulani iliuzwa kuanzia lini, kwa bei gani na kwa risasi zipi.

Milango ilifungwa polepole. Mwaka 1927 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kuwatumia raia bastola kupitia posta ya serikali. Mwaka 1968 sheria ya kudhibiti silaha ikakomesha biashara ya mnunuzi wa kawaida kuagiza bunduki kwa barua kutoka jimbo jingine.

Sasa tazama kilichotokea miaka hiyo hiyo. Mwaka 1968 Chelsea House walichapa upya katalogi ya Sears ya 1897. Mwaka 1969 Crown wakachapa upya ile ya 1902, na Gun Digest wakatoa ya 1908. Mwaka huo huo wa 1969, Uingereza, David & Charles wakatoa upya katalogi ya Army & Navy Stores ya 1907. Mwaka 1972 ikafuata ile ya ALFA. Watu walitamani dunia iliyopita, hakimiliki za vitabu hivyo vya Sears zilikuwa zimekwisha, na mitambo ya kuchapa ya wakati huo iliweza kunakili ukurasa wowote kwa kuupiga picha tu, bila kupanga herufi hata moja.

Wachapishaji hao hawakumdanganya mtu. Walisema wazi kwamba ni marudio. Tatizo ni kwamba marudio ya 1969 sasa yenyewe yana zaidi ya miaka 50. Yameanza kuwa na manjano na vumbi lake. Ukichana ukurasa wenye jina la mchapishaji, mtu asiye na uzoefu ataona kitabu cha zamani na kutoa pesa.

Tarehe inapokuwa ushahidi

Kuna wanaosema, si ni karatasi tu, ubaya uko wapi? Chukua mfano mmoja. Bunduki iliyotumika kumuua Rais John F. Kennedy, Novemba 1963, ilinunuliwa kwa posta kutoka duka la Klein's la Chicago. Mnunuzi alikata kuponi ya tangazo katika gazeti la American Rifleman la Februari 1963 na kuituma kwa jina la uongo la A. Hidell. Namba ya bidhaa ilikuwa C20-T750. Bei ilikuwa dola 19.95 pamoja na darubini yake, na dola 1.50 za kuisafirisha. Wachunguzi waliihusisha bunduki hiyo na Lee Harvey Oswald kupitia kumbukumbu za duka na mwandiko wake.

Katika kesi kama hiyo, tangazo la mwezi gani na lilisema nini hasa si jambo dogo. Tangazo lile la Februari lilitaja bunduki ya urefu wa inchi 36, na iliyotumwa ilikuwa ya inchi 40. Watu wameandika vitabu juu ya inchi hizo nne.

Na hapa kuna jambo jingine la kuzingatia. Kuponi yenyewe na bahasha yake havikuwapo tena. Klein's waliweka kumbukumbu zao katika filamu ndogo, yaani maikrofilamu. Ushahidi ulikuwa picha ya kuponi, nao ulikubalika, kwa sababu ilijulikana nani aliipiga, kwa nini, na ilihifadhiwa wapi. Tutarudi kwenye hili mwishoni.

Mtego wa kwanza: kusoma maandishi

Kosa la wengi ni kutafuta tarehe ndani ya maandishi. Maandishi yana msaada wake. Risasi za .405 Winchester zilitoka mwaka 1904, kwa hiyo katalogi inayozitaja haiwezi kuwa ya 1900. Winchester ilifilisika na kununuliwa na Western Cartridge Company mwezi Desemba 1931, kwa hiyo jina la mwenye mali mpya haliwezi kuonekana kabla ya hapo.

Lakini marudio yananakili haya yote, neno kwa neno. Waandika programu wataelewa haraka: tarehe iliyoandikwa ndani ya faili ni kitu kimoja, na tarehe faili ilipoundwa ni kitu kingine. Maandishi yanakuambia umri wa maneno. Umri wa karatasi uutafute kwingine, kwenye alama ambazo mashine iliacha bila kukusudia.

Mtambo huacha nyayo

Katalogi nyingi za kati ya 1870 na 1920 zilichapwa kwa herufi zilizoinuka, zilizoyeyushwa na kumiminwa kutokana na madini ya risasi. (Ndiyo, Kiswahili chetu kimetupa mzaha wa bure: risasi zilichapwa kwa risasi.) Herufi hupakwa wino, kisha hukandamizwa juu ya karatasi. Mkandamizo huo huacha mambo mawili. Kwanza, karatasi hubonyea. Geuza ukurasa, ushike tochi pembeni ili mwanga upite sambamba na karatasi, nawe mara nyingi utaona vijivimbe vya herufi za upande wa pili. Pili, wino husukumwa hadi kwenye ukingo wa herufi. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia cha mara kumi, utaona mstari mweusi zaidi ukizunguka herufi, na katikati wino umepauka kidogo.

Marudio ya miaka ya 1960 na 1970 yalichapwa kwa ofseti. Njia hii ya kuchapa karatasi ilianza mwaka 1904, pale Ira Rubel wa Nutley, New Jersey, alipoona kwamba picha iliyogusa mpira wa mtambo kwa bahati mbaya kisha ikahamia kwenye karatasi ilitoka safi kuliko iliyochapwa moja kwa moja. Katika ofseti hakuna kinachobonyeza karatasi kwa nguvu. Wino ni bapa, umeenea sawasawa, na mgongo wa ukurasa ni laini.

Michoro ya bunduki nayo husema mengi. Kabla ya picha kuzoeleka, michoro ilichongwa kwenye mbao ngumu, kisha ikatengenezewa mabamba ya shaba ya kuchapia. Fundi alichonga kivuli cha mtutu kwa mistari myembamba iliyosongamana. Katika nakala asili kila mistari husimama peke yake, mikali hadi nchani. Ukipiga picha ukurasa huo na kuuchapa tena, mistari iliyokaribiana huungana na kuwa doa jeusi, na ile miembamba sana hukatika. Nina marudio ya 1969 ya katalogi ya Sears ya 1908, na kurasa za bunduki ndizo zinazoonyesha jambo hili vizuri: angalia chini ya mtutu, pale kivuli kinapopaswa kufifia taratibu.

Kuanzia miaka ya 1880 ilikuja njia ya kuchapa picha kwa nukta ndogo ndogo, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga. Picha asili ina safu moja tu ya nukta. Anayeinakili picha hiyo kupitia wavu mwingine wa nukta anaweka nukta juu ya nukta, na mawimbi hutokea, kama yale unayoyaona mtangazaji wa runinga anapovaa shati la mistari myembamba. Ukiona mawimbi katika picha ya mwaka 1905, kuna mkono wa pili uliopita hapo. Wachapishaji hodari waliweza kuyaepuka, kwa hiyo kukosekana kwa mawimbi hakuthibitishi chochote.

Karatasi na taa ya noti

Karatasi ya bei rahisi ya wakati ule ilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa na ilikuwa na asidi. Huzeeka kuanzia pembeni, ambako hewa na mwanga hufika kwanza, kuelekea katikati. Pembe hukatika ukizikunja. Mtu anayeloweka karatasi mpya kwenye chai ili izeeke hupata rangi iliyoenea sawa kote, au iliyotuama kwa mabaka, na katikati ya kitabu inafanana na pembeni.

Kifaa kizuri zaidi ni ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti, yaani taa ya miale ya urujuanimno. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, viwanda vilianza kutia kwenye karatasi kemikali za kung'arisha weupe, zilezile zilizomo katika sabuni za unga. Chini ya taa hiyo, karatasi yenye kemikali hizo hung'aa buluu. Karatasi ya 1897 haiwezi kung'aa hivyo.

Lakini tuwe waangalifu na mantiki hapa. Karatasi iking'aa, kesi imekwisha: si ya zamani. Isipong'aa, hujathibitisha kitu, kwa sababu hata leo zinatengenezwa karatasi zisizo na kemikali hizo. Kipimo hiki kinaweza kumtia mtu hatiani, lakini hakiwezi kumwachilia.

Madoa yaliyochapwa

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji taa yoyote. Nakala asili iliyopigwa picha ilikuwa na maisha yake. Mtu aliweka kikombe juu yake, akaandika bei kwa penseli, akaacha kidole cha mafuta. Kamera ilichukua vyote.

Kwa hiyo tafuta doa, kisha uligeuze. Doa la kweli hupenya au huacha kivuli upande wa pili, na mara nyingi lina mwenzake kwenye ukurasa unaoutazama, kwa sababu kitabu kilifungwa likiwa bichi. Doa lililochapwa liko peke yake, bapa, na kwa kioo cha kukuzia utaona limetengenezwa kwa nukta au kwa wino ule ule wa maandishi. Penseli ya kweli humetameta ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga. Penseli iliyochapwa haimetameti kamwe. Vivyo hivyo kwa pini: pini ya kweli ya chuma iliyoshika kutu huchafua kurasa zilizo jirani nayo. Ukiona alama ya kutu na hakuna pini, au pini zinazong'aa penye picha ya kutu, umepata jibu.

Ukurasa ambao haupo

Mdanganyifu wa katalogi kwa kawaida hachapi chochote. Anaondoa. Anakata ukurasa wenye jina la mchapishaji mpya, utangulizi na tarehe. Basi hesabu kurasa. Vitabu vya aina hii huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu ya kurasa 8, 16 au 32, na kila jani limeungana na jani jingine upande wa pili wa fungu. Ukikata moja, hubaki kipande karibu na mshono, au mwenzake hulegea.

Soma pia maandishi madogo yaliyosahauliwa. Namba za ISBN zilianza kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1970. Namba za posta za Marekani za tarakimu tano, zile za ZIP, zilianza Julai 1963. Anwani yenye namba hizo katika katalogi ya 1902 ni sawa na kumkuta Mfarao amevaa saa ya mkononi. Pima na ukubwa wa kitabu, kisha ulinganishe na maelezo ya maktaba inayohifadhi nakala asili, maana marudio mengi yalipunguzwa ili kuokoa karatasi.

Sheria haisaidii sana. Marekani ina sheria ya mwaka 1973 inayodai nakala za sarafu ziandikwe wazi kwamba ni nakala, na nakala za beji na vitu vya kampeni za siasa zionyeshe mwaka zilipotengenezwa. Katalogi za biashara hazimo.

Zama za skana

Mpaka hapa tumezungumzia ofseti. Siku hizi mtu anahitaji skana na printa tu. Wino wa kunyunyizwa hutawanyika kwa vinukta vya rangi hata pembeni mwa herufi nyeusi. Tona ya leza hukaa juu ya karatasi kama plastiki nyembamba, na ukiinamisha ukurasa utaona mng'ao wake.

Printa nyingi za leza za rangi zina siri moja zaidi. Mwaka 2005 shirika la EFF la Marekani lilitangaza kwamba limefumbua nukta za manjano zinazochapwa kimyakimya kwenye kila ukurasa na printa za Xerox DocuColor. Hazionekani kwa macho ya kawaida, ila chini ya mwanga wa buluu na kioo cha kukuzia hujitokeza. Zimebeba namba ya mashine, tarehe na saa ya kuchapa. Fikiria mtu anayeghushi katalogi ya 1897 kwa mashine inayotia sahihi na tarehe ya leo nyuma yake.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyokusudiwa na mtu. Agosti 2013, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Ili kupunguza ukubwa wa faili, programu ilitafuta herufi zinazofanana na kuweka moja mahali pa nyingine. Tarakimu 6 iligeuka 8. Katika mchoro mmoja wa nyumba, vyumba vya ukubwa tofauti vilitoka na eneo moja. Ukurasa ulionekana safi kabisa, bila ukungu wowote wa kukushtua. Sasa fikiria ukurasa wa katalogi uliojaa bei, uzito na namba za risasi. Anayetegemea faili aliyoipakua kwenye wavuti afanye angalau jambo moja: alinganishe tarakimu muhimu na nakala nyingine iliyoskaniwa na mtu tofauti.

Ukinunua kwa picha

Wengi hununua vitu hivi kupitia minada ya mtandaoni, na picha ya muuzaji huficha karibu kila kitu nilichokieleza. Mwombe picha nne. Ya kwanza, ukurasa uliomulikwa kutoka pembeni. Ya pili, mchoro mmoja kwa karibu sana. Ya tatu, doa au mwandiko, pande zote mbili za jani. Ya nne, mshono wa kitabu ukiwa umefunguliwa katikati. Muuzaji mkweli atazipiga kwa dakika tano. Akikataa, weka pesa zako mfukoni.

Sisemi kwamba marudio ni mabaya. Katalogi asili zinakufa kwa asidi yake zenyewe, na bila wale wachapishaji wa 1968 na 1969 wengi wetu tusingewahi kuzisoma. Kumbuka maikrofilamu ya Klein's. Ilikuwa nakala, lakini historia yake ilijulikana, ikatosha kuwa ushahidi katika jambo zito kuliko yote. Nakala inayosema mimi ni nakala, nilitengenezwa mwaka fulani na fulani, ina thamani yake ya kweli. Anayekata ukurasa huo anamwibia mnunuzi pesa, kisha anamwachia mtafiti wa kesho karatasi isiyo na kwao.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, hasa mnaoskani magazeti na vitabu vya zamani vya hapa kwetu: kila mnapotengeneza nakala, andikeni ndani yake nani aliitengeneza, lini, kwa mashine gani, na kutoka nakala ipi. Ni mistari minne tu.

Mpaka wakati mwingine, wasomaji wangu. Kaeni salama.